Kwa mnaoiga pumzi ya Kumar Gandharva

Wadogo zetu mlioanza khayali (uimbaji wa kiklasiki wa India Kaskazini) juzi, tunawapenda, lakini tumechoka kumsikia mtu mwenye mapafu mawili mazima akiimba kama mwenye moja, eti kama bingwa wa khayali Kumar. Haya, kaeni chini.

1. Tanpura kwanza, ala ya nyuzi inayovuma nyuma ya mwimbaji. Anzeni na nyuzi mbili za kati, zote Sa (suri, yaani noti, ya msingi), mpaka zisikike kama uzi mmoja. Kisha Sa ya chini, Pa (suri ya tano) mwisho. Raga (mpangilio wa suri wa wimbo) isiyo na Pa, mfano Malkauns, uzi wa kwanza, ule wa Pa, unashushwa hadi Ma (suri ya nne). Vigingi ni vya kukaribia tu. Shanga za nyuma ya daraja linaloegemeza nyuzi ndizo za kumalizia. Kijiuzi cha jivari, kile kinachopita chini ya uzi juu ya daraja, kisogezeni kidogo sana, maana kikipita mahali pake mngurumo unakufa. Sa ya chini ikikaa barabara, Ga (suri ya tatu) inasikika humo yenyewe bila kupigwa. Hamjaisikia? Basi msifungue mdomo.

2. Pumzi fupi. Kumar alizaliwa mwaka 1924 upande wa Belgaum, Karnataka, na utotoni aliimba santuri za mabingwa kama zilivyo, kila kona. Ndiyo, hata yeye alianza kwa kuiga! B. R. Deodhar wa Bombay ndiye aliyemfundisha kuelewa anachokiimba. Kisha kifua kikuu kikamwangusha. Mwaka 1948 akahamia Dewas, Madhya Pradesh, kufuata hewa kavu, akakaa miaka kadhaa bila ruhusa ya kuimba. Dawa ya streptomycin ilimwokoa, ila pafu moja halikumfaa tena. Aliporudi jukwaani hakuwa na hewa ya mistari mirefu, akaigawa vipande vifupi vyenye makali.

Sasa mwigaji wetu katika ektala ya vilambit, yaani tala (mzunguko wa mapigo) ya mwendo wa polepole yenye matra, au mapigo, 12. Anaikata Sa ya juu kabla haijatulia. Anavuta hewa katikati ya neno la bandishi (wimbo uliotungwa), neno linakatika vipande viwili visivyo na maana. Akishtuka kwamba kimya kimezidi, anakijaza taana (mbio za suri) ya wasiwasi kwenye matra ya 7 na ya 8, na mukhra, kipande cha kurudia kinachoelekea samu, inamkuta kifua kitupu. Samu, pigo la kwanza la tala, anaifikia kwa silabi iliyofifia, mpiga tabla (ngoma) anatazama pembeni kwa adabu. Kumar alikata pale suri ilipokwisha kutua, kimya kikabebwa na tanpura, hesabu ya tala ikaendelea kichwani. Ninyi mnachukua kule kukata tu, hesabu mnaiacha.

Tiba yake inachosha: kila asubuhi dakika 15 za mandra (suri za chini), suri moja kwa pumzi moja, taana marufuku. Halafu sthayi (sehemu ya kwanza ya bandishi) nzima bila kuvunja neno hata moja. Mkiyaweza hayo, kateni mnapotaka.

3. Raga mpya. Nani kawaambia mbuni raga mwaka wa kwanza? Kumar akiwa kitandani Dewas alisikiliza nyimbo za watu wa Malwa, ukanda ule wa Dewas, akachambua mwendo wa suri zake, na humo ndimo zilimotoka raga zake nyingi. Masikio yalitangulia koo kwa miaka.

4. Maji ya uvuguvugu kabla ya jukwaa, si chai ya maziwa.

5. Tyuni tena baada ya bandishi ya kwanza: joto la taa huikaza ngozi ya tabla na kulegeza nyuzi za tanpura, navyo huachana pole pole huku ninyi mmefumba macho.