Damu nyingi ya hedhi si uchafu wa kuoshwa

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, miaka 36, watoto wawili. Mwaka wa pili huu siku zangu zinafika nane, na zile tatu za mwanzo pedi inaloa ndani ya saa moja na nusu, mabonge yanatoka. Navaa pedi mbili pamoja na bado nachafuka. Kila nikibadili najisafisha ndani kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya dawa, lakini harufu inazidi. Shoga yangu kanielekeza kwa muuza dawa ya kusafisha kizazi, dozi elfu sitini. Ninunue?

JIBU: Marahaba mwalimu. Usinunue. Hiyo elfu sitini iweke kwa ajili ya altrasaundi na kipimo cha wingi wa damu, nitakueleza kwa nini.

Kwanza harufu. Umeandika mwenyewe kwamba unajisafisha na inazidi, na wala si ajabu. Ndani ya uke wanaishi bakteria walinzi, wanatengeneza asidi inayowazuia wabaya. Hedhi peke yake huipunguza asidi hiyo, halafu wewe siku hizohizo unawamwagia walinzi sabuni. Wanaobaki ni wale wa harufu ya samaki. Kidole, sabuni, ndimu, shabu, maji ya chumvi, vyote viishie nje. Osha nje tu kwa maji, kutoka mbele kwenda nyuma, jikaushe. Ukiacha na harufu ya samaki ikabaki, hayo ni maambukizi na yana dawa yake hospitali.

Pedi mbili: ukizibandika moja juu ya nyingine unapoteza hela. Ya juu ina plastiki chini yake, damu haifiki ya pili, inakimbilia pembeni. Zipishanishe, moja ivutwe mbele na nyingine nyuma, au vaa zile ndefu za usiku hata mchana, na bukta ya kubana juu yake. Usisubiri kengele ya mapumziko. Badili kabla haijajaa. Zenye manukato achana nazo, zinawasha. Anayetumia vitambaa avifue kwa maji baridi kwanza, kisha sabuni, na avianike juani. Kuvificha chini ya godoro vikiwa na unyevu ni kujitafutia muwasho.

Lakini mwalimu, hata ukiwa msafi namna gani, siku nane na pedi kila saa moja na nusu si jambo la usafi. Huenda ni faibroidi (uvimbe usio saratani kwenye kizazi), homoni, tezi ya shingo, au lupu ya shaba, kile kitanzi cha kuzuia mimba, kama unayo (hukusema). Kila sababu ina tiba yake. Zipo dawa za kumeza siku za damu tu, mfano asidi ya traneksamiki, zinazoweza kuipunguza karibu nusu, ila uandikiwe na daktari. Kwa maumivu usimeze aspirini, inaongeza damu. Wingi wa damu ukiwa chini ya 12, utahitaji vidonge vya madini ya chuma, na usivimeze na chai. Juisi ya rozela ni tamu, kunywa, ila haichukui nafasi ya vidonge.

Sasa hawa wa kusafisha kizazi. Kizazi hakihifadhi taka. Kila mwezi kinamwaga utando wake na kujenga mpya, na ndiyo hiyo hedhi. Wanauza vifurushi vidogo vya mitishamba vilivyofungwa kwa bandeji laini, vina uzi, unaingiza ukeni siku kadhaa. Ukivuta kinatoka na utelezi mzito na vipande kama ngozi, muuzaji anakwambia "umeona uchafu?" Ule ni utando wa uke wako mwenyewe, umebabuliwa ukachubuka. Wengine wanakuja kwetu uzi umekatika, kifurushi kimebaki ndani, kinanuka chumba kizima. Na mwenye faibroidi anamaliza dozi tatu huku damu inamwishia, analetwa mweupe viganja, haongei hadi aongezewe damu. Kila siku narudia maneno haya.

Ukiloa pedi kila saa kwa saa mbili mfululizo, ukasikia kizunguzungu au moyo kwenda mbio, au kama kuna uwezekano una mimba, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na mama aliyekwisha koma hedhi kisha akaona damu, hata tone, wauzaji hao humwambia ujana umerudi. Aende wiki hiyohiyo apimwe mlango wa kizazi na ukuta wake wa ndani, maana saratani nayo huanza kujionyesha hivyo.