Themostati ya RAV4 ya 1998, badilisha mwenyewe tu

Mkuu, kama unavyosema RAV4 yako ikipanda mlima wa Bugando hapo Mwanza geji ya joto inakimbilia kwenye nyekundu, na fundi anataka aitoe themostati (ile valvu inayofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini) aitupe, usikubali aisee. Bila hiyo injini inachelewa kupata joto lake na mafuta inakunywa kama haina akili nzuri.

Kwanza angalia kama maji yapo na feni inazunguka. Halafu injini ikishapata moto shika rejeta na hozi zake taratibu (usiungue!), kama hozi ya juu ina moto ila ya chini bado ya baridi kabisa, hapo themostati imekwama ikiwa imefunga.

Subiri gari ipoe, sio nusu saa, ipoe kweli, mfuniko wa rejeta ukiufungua ya moto unarukiwa na maji usoni. Mwaga kulanti (maji ya kupoza injini) kwenye beseni, fungua nati za kasha la themostati, chomoa. Mpya kabla hujaifunga itie kwenye sufuria ya maji uchemshe, ikifunguka ni nzima, maana feki zipo kibao mjini. Springi iangalie injini, kile kitundu chenye kipini kikae juu, mpira weka mpya, na usikaze kwa hasira, ile ni aluminiamu.

Ukimaliza jaza kulanti, washa gari mfuniko ukiwa wazi, hita fulu, uongeze mpaka mapovu yaishe. Na maji ya ziwa usiweke jamani, yanaleta kutu na tope, hata kama unakaa Kirumba na ziwa liko mlangoni.