Dada, Nataka Kukamata Wauaji

Juzi nilikuwa Mahakama Kuu kutoa ushahidi wa vinasaba (DNA) kwenye kesi ya mauaji. Wakili wa utetezi alinibana tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na vinasaba vyenyewe hakuvigusa sana. Bahasha ilifungwa na nani? Lakiri ilikuwa nzima? Shati lilikaushiwa wapi? Nilimjibu yote kwa sababu yote niliyaandika. Nilitoka pale shingo juu, sifichi.

Jioni nikakuta ujumbe wa msomaji wa kidato cha sita: "Dada, nataka kukamata wauaji kwa vinasaba." Najua wengi mnaonisoma ndoto yenu ndiyo hiyo. Basi sikilizeni ya Leicestershire, Uingereza.

Mwaka 1983, kisha 1986, wasichana wawili wa miaka 15 waliuawa huko. Kijana wa miaka 17 akakiri mauaji ya pili. Mwanasayansi Alec Jeffreys, aliyegundua mwaka 1984 namna ya kumtambua mtu kwa vinasaba, akapima: shahawa zilizopatikana kwenye miili yote miwili zilikuwa za mtu mmoja, na si huyo kijana. Akaachiwa. Polisi wakakusanya sampuli za wanaume wapatao 5,000, wasipate kitu. Kumbe muuaji mwenyewe, Colin Pitchfork, alimtuma mwenzake wa kiwanda cha mikate akatolewe damu kwa jina lake! Siri ilivujia baa. Pitchfork akakamatwa 1987, mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha maisha.

Maabara ilipima ilicholetewa, tena kwa usahihi. Jina kwenye chupa ndilo lilikuwa la uongo.

Kwa hiyo, wadogo zangu, andikeni. Nguo yenye damu mbichi usiifungie kwenye plastiki, itaoza na vinasaba viharibike. Ikaushe, itie mfuko wa karatasi. Halafu andika. Kila anayekipokea kielelezo asaini, aweke tarehe na saa. Andika tena.

Mkubwa wangu mmoja wa zamani alizoea kuniita "karani" mbele za watu, kisa daftari langu. Sijasahau. Wiki hii kanipigia, anataka kijana wake aje ajifunze kwangu. Nimemwambia amlete, ila mwezi wa kwanza hashiki mashine: ataandika lebo, na ile sheria ya Tanzania ya vinasaba vya binadamu ya 2009 ataisoma yote. Nanyi mnaotaka kuja, masharti ni hayo hayo.