Cherehani pekee haitoshi

Umeuliza kama kujua kushona kunatosha kumpatia mdogo wako kazi ya kuhifadhi nguo za kale. Hapana, ufundi wa kushona pekee haukufikishi kwenye maabara ya makumbusho kuhifadhi nguo za kale. Unakupa mkono mzuri, lakini utaulizwa kemia. Kwa Uingereza, kozi inayojulikana ni ya uzamili, miaka 2, Chuo Kikuu cha Glasgow. Ilianza 2010, baada ya kufungwa kituo cha uhifadhi wa nguo alichoanzisha mhifadhi Karen Finch mwaka 1975 kwenye kasri la Hampton Court, London.

Kwa nini kemia? Hariri na sufu ni protini, pamba na kitani ni selulosi, yaani dutu inayojenga mimea. Kinachosafisha hiki kinaweza kuharibu kile. Nguo yenye nyekundu ya zamani huitumbukizi majini hivi hivi: unajaribu kwanza pembeni, tone moja la maji na kipande cha karatasi ya kunyonya, maana rangi ikishachujuka hairudi. Hata mshono wenyewe ni tofauti na wa fundi nguo. Uzi mwembamba wa hariri, sindano iliyopinda, kitambaa kipya cha kushikilia kile kilichochakaa, na kila unachoshona lazima kiweze kufumuliwa baadaye bila kuitoboa nguo zaidi. Siku nyingine inaisha umemaliza sentimita chache tu, na hiyo ni siku nzuri.

Naijua kwa sababu ndiyo kazi yangu. Angalizo moja: ada kwa wanafunzi wa kigeni ni kubwa, tafuteni ufadhili mapema. Na kama mdogo wako bado yuko kidato cha tano, asiiache kemia.