Waonyesheni watoto kopo la sukari

Mtu akipunguzwa kazini au biashara ikiyumba, ushauri wa kwanza anaopewa ni "watoto wasijue". Mimi siuamini.

Nimekulia Ilala mwanzoni mwa miaka ya 80. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha 1979, Mwalimu akatutaka tufunge mikanda miezi 18, ikapita na mikanda haikulegea. (Baba alitoboa tundu jipya kwenye wa kwake kwa msumari wa moto, akasema hakuambiwa ni tundu la ngapi.) Unga, sabuni, sukari, vyote foleni duka la kaya, lile la mgao. Ugali wa mahindi ya njano tuliuita wa Yanga, na kaka yangu, Simba damu, aliula amenuna.

Mama hakutuficha kitu. Jioni alilileta kopo la sukari, akaliinamisha tuone kilichobaki. "Hii ya bibi yenu na huyu mdogo. Nyie leo mkavu, bila sukari." Halafu kila mtu na kazi yake. Yangu ilikuwa jiwe. Watu waliwahi foleni kwa kupanga mawe tangu alfajiri, kisha wakarudi kulala. Letu nililipaka chokaa upande mmoja, nikakaa karibu kulilinda, maana yale mawe yalikuwa na miguu. Sabuni ikikosekana, dada alifulia majani ya mpapai. Njaa ilikuwepo, lakini sikumbuki kuogopa.

Kwa hiyo taja kiasi kilichobaki. "Mungu atajalia" ni sawa, ila mtoto anawasikia mnavyonong'ona usiku, na anayoyawaza mwenyewe ni mabaya kuliko ukweli. Kisha mpe kazi ambayo asipoifanya pengo litaonekana. Ya kumpumbaza ataigundua mara moja. Madeni na majina ya wanaowadai, hayo yabaki kwenu wakubwa. Mtoto hana la kuyafanyia zaidi ya kukosa usingizi.

Mume wangu alipoachishwa kazi, tuliketi na wanetu, daftari la matumizi likiwa wazi mezani. Mdogo akachukua kuku. Mkubwa akakabidhiwa luku: asome mita kila jioni na kuandika uniti zilizobaki. Haikupita muda akaanza kutuzimia pasi mikononi. Baba yake amepata kibarua kingine siku hizi, lakini madaraka yale hajayarudisha, na nikisahau taa ya uani naitwa kwa majina yangu yote matatu.