Cheni ya Baiskeli: Oili Nyingi Ndiyo Iliyoniponza

Miaka ile nikibeba mukene, wale dagaa wa ziwani, kwa baiskeli kutoka Majanji kwenye Ziwa Victoria hadi Busia mjini, mpakani mwa Uganda na Kenya, kabla barabara haijatiwa lami, kila asubuhi niliimiminia cheni oili chafu niliyopewa bure gereji. Ikawa nyeusi tii, ikang'aa, nami nikajiona ndiye ninayejua kutunza chombo. Cheni hazikudumu. Nikabadilisha ya kwanza, nikabadilisha ya pili, na kila mara lawama nikamtupia mwenye duka.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja mzee karibu na mpaka. Hakuanza kwa maelezo. Alipitisha kidole kwenye cheni, akasema, "Mwanangu, lete mkono," akanipaka ule weusi kidoleni. "Sugua." Nikasikia mchanga. Vumbi lote jekundu la njia ile lilikuwa limenasa humo, na kila nilipokanyaga pedali nilikuwa nasaga vyuma vyangu mwenyewe. Tena oili chafu hutoka kwenye injini ikiwa tayari na masizi na chembe za chuma. Ya bure kweli, lakini friwili, ile duara ya meno kwenye gurudumu la nyuma, niliilipia.

Basi, kwanza uoshe, ndipo upake. Ukiweza, fungua cheni, itie kwenye kopo lenye mafuta ya taa, iache nusu saa, kisha isugue kwa mswaki wa zamani. Mwaga, tia mengine, rudia mpaka mafuta yasigeuke rangi. Ninaposema mwaga, sisemi chini: yatie kwenye chupa. Kesho uchafu utakuwa umetuama, na yaliyo juu utayatumia tena. Petroli usiiguse kwa kazi hii, hasa jioni wakati sigiri zimewashwa uani. Kisha itundike cheni msumarini hadi ikauke kabisa, kwa sababu mafuta ya taa yakibaki ndani yataifanya oili nyepesi na itachuruzika yote.

Oili iwe mpya. Ile ya injini inayouzwa kwa kupimiwa inatosha kwa baiskeli zetu zisizo na gia za kubadilisha. Tone moja kwa kila rola, kile kipipa kidogo cha cheni kinachokaa kati ya meno, basi, na ulidondoshe upande wa ndani wa cheni, ule unaoshika meno, kwa maana cheni ikizunguka huisukuma oili kwenda nje. Zungusha pedali kinyumenyume kidogo, kisha chukua kitambaa uifute cheni mpaka uone kama umeipoteza oili yako. Hujaipoteza. Msuguano uko ndani, kwenye rola na pini, vile vijiti vya chuma vinavyounganisha viungo. Oili inayobaki nje kazi yake ni kukaribisha vumbi. Wakati wa kiangazi mimi hufuta kila baada ya siku mbili tatu na kutia oili mara moja kwa wiki. Ikinyesha, siachi mpaka kesho, maana kutu hailali.

Sasa, utajuaje kwamba imekwisha? Watu husema cheni imevutika. Chuma hakijavutika, ni pini zilizolika kidogo kidogo kila moja, na ukijumlisha zote cheni inakuwa ndefu. Chukua rula ya mtoto wa shule, ile yenye inchi 12. Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, kwa hiyo ukiweka mwanzo wa rula katikati ya pini ya kwanza, pini ya 25 inatakiwa kuangukia kwenye inchi 12 barabara. Ikipita kwa milimita moja na nusu, anza kuweka akiba. Ikifika tatu, badilisha leo. Binti yangu analalamika rula yake inanuka oili, nami namwambia nitamnunulia nyingine.

Kuchelewa nako kuna gharama yake. Cheni iliyorefuka hupanda juu ya meno na kuyala, na friwili ndiyo inayoumia mapema, kwa kuwa ina meno machache kuliko gia ya mbele na kila jino hupata zamu nyingi zaidi. Mimi niliwahi kufunga cheni mpya kwenye friwili kuukuu. Kwenye tambarare ilienda vizuri. Nilipofika kilimani na gunia nyuma, cheni iliruka meno, mguu ukachomoka, na mwamba wa fremu ukanipokea mahali ambapo sitapataja hapa. Cheni na friwili huwa zimezeeka pamoja. Meno yakiwa yamechongoka kama ya papa, nunua vyote viwili.

Dukani, nenda na cheni ya zamani. Za baiskeli zenye gia nyingi nyuma ni nyembamba, hazikai kwenye meno mapana ya baiskeli ya mizigo. Na unapokata mpya, hesabu viungo. Usizilaze mbili sambamba ukakata zinapolingana. Ya zamani imerefuka, kwa hiyo utaipa mpya kiungo cha ziada ambacho haikihitaji.

Kile kibanio kidogo kinachofunga kiungo cha mwisho kina umbo la samaki: kichwa kimezibwa, mkia umepasuka. Kichwa kitangulie kule cheni inakoelekea. Nilikifunga kinyume siku moja, kikachomoka njiani, nikasukuma mzigo kwa miguu na nzi wakinisindikiza hadi mjini. Ndiyo, mjini hapa hapa Busia, ambako tunajisifu kwamba neno bodaboda lilizaliwa kwa baiskeli zilizovusha watu mpakani miaka ya 1960.

Ukimaliza, vuta gurudumu la nyuma nyuma kidogo, kaza nati, kisha bonyeza cheni katikati kwa kidole: ipande na kushuka kama sentimita moja hivi. Zungusha pedali upime sehemu kadhaa, kwa sababu gia ya mbele mara nyingi haiko duara kamili, na pale inapokaza zaidi ndipo pa kupimia. Kesho yake pima tena, maana mzigo wa kwanza huweza kulisogeza gurudumu.

Na kabla hujaitupa cheni kuukuu, chomoa kiungo chake cha kufungia, kifunge kwenye kitambaa, ukiweke chini ya kiti. Changu kiko pale hadi leo, pamoja na kibanio chake.