Mliniuliza kama wokovu unadumu huku Ujerumani

Bwana Yesu asifiwe, wadogo zangu.

Swali lenu nimekaa nalo siku kadhaa. Mmeuliza: mbona watu waliookoka huko Bukoba, waliokuwa wakishuhudia mpaka kwenye matanga, wakifika Ulaya wanapoa? Walikuwa wanaigiza? Na mmoja wenu, anayekuja Septemba kusomea utunzaji wa wazee, akaongeza: “Dada, tuambie ukweli, usitufiche.”

Sifichi. Wengi wanapoa, na nimewaona kwa macho yangu hapa Bielefeld. Ila sababu mnazozidhani sizo. Mnadhani ni starehe, pombe na marafiki wasioamini. Hayo yapo, lakini kwa watu ninaowafahamu si hayo yaliyowaangusha. Kilichowaangusha ni zamu. Nyumba ya wazee haifungwi Jumapili. Wengi wetu tunafanya kazi wikiendi moja, tunapumzika inayofuata, na hiyo ya kupumzika unaikuta umetoka usiku, mwili umekwisha, unalala mpaka mchana. Desemba jua linazama baada ya saa kumi jioni. Unaamka, kumeshaanza kuwa giza. Nyumbani ukikosa ibada mara mbili, mwinjilisti anapiga hodi au mama wa jirani anamuuliza mama yako. Huku unaweza kukosa mwaka mzima na hakuna atakayeuliza.

Kanisa lenyewe lipo, na lina majengo mazuri kupita kiasi. Ukijiandikisha manispaa unaulizwa dini yako. Ukisema Mprotestanti au Mkatoliki, unakatwa kodi ya kanisa kwenye mshahara, na katika jimbo letu ni asilimia 9 ya ile kodi ya mapato unayolipa. Anayetaka kujitoa huenda mahakamani na kulipa yuro 30, basi, amejitoa. Mwaka 2022 Wakatoliki zaidi ya 500,000 walijitoa, na Waprotestanti wapatao 380,000. Inauma kuyaona haya kwetu sisi tuliotoka Bukoba, maana wamisionari wa shirika la Betheli waliokuja kwetu mwaka 1910 walitumwa kutoka mji huu huu ninaoishi. Lakini msiwahukumu Wajerumani haraka. Katika ibada yenye watu ishirini wenye mvi nimekutana na maombi ambayo sijayasikia kwenye mikutano yetu ya maspika.

Sasa niseme kile ninachotaka mkishike. Huku ndipo nilipojifunza kupima badiliko, kwa sababu huku hakuna anayekutazama. Treni ya mjini haina geti. Unapanda, unakaa, unashuka. Mkaguzi anapita mara chache, na akikukamata huna tiketi faini ni yuro 60, na wapo wanaopiga hesabu kwamba faini ya mara moja moja ni nafuu kuliko kununua tiketi kila siku.

Hilo ni dogo. Kubwa ni usiku kazini. Mzee asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya muda ili asipate vidonda vya kulalia, na kila ukimgeuza unaandika saa na kuweka sahihi. Saa kumi alfajiri mgongo unauma, mzee hawezi kusema, wanawe watakuja Krismasi. Sahihi unaweza kuiweka bila kuinuka kwenye kiti. Mahali fulani nilipopita, kiongozi wa zamu alitaka tujaze karatasi za usiku mzima kabla ya saa sita. Sikujaza. Sikujaza kwa sababu yule bibi wa chumba cha mwisho ni mtu ambaye Yesu alimfia, na jambo hilo niliambiwa siku nilipookoka nikaliamini. Huo ndio wokovu wangu ulipo siku hizi, wadogo zangu, kwenye karatasi ya kugeuza wazee.

Wazee wetu wa uamsho wa Afrika Mashariki walilijua hili. Moto ule ulianzia Gahini, Rwanda, na Uganda, baada ya daktari Joe Church na Simeoni Nsibambi kukutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, ukavuka mpaka ukatufikia Kagera. Walioguswa hawakuishia kuimba ule wimbo wa Tukutendereza. Walirudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni waliyokuwa wameyakana, wakasema dhambi zao mbele ya wenzao. Hayo waliyaita kutembea nuruni. Askofu Josiah Kibira, aliyechaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977 kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, alitoka katika uamsho huo. Mimi nawaamini wazee wale kuliko mahubiri mengi ya leo ya mafanikio, kwa sababu waliuliza swali ambalo sasa hatuliulizi: umerudisha nini?

Kuna kaka mmoja katika ushirika wetu hapa. Ukoo mzima ulimchangia nauli, ng'ombe wakauzwa, mama yake akakopa kwenye kikundi cha VICOBA. Alipofika akabadili namba ya simu. Miaka ikapita. Huyu hakuokoka nyumbani, aliokoka huku huku, katika ibada ya mchana ya Wakongo, Warundi na sisi Watanzania, wanaoazima ukumbi wa kanisa la Wajerumani wenyewe wakishamaliza. Jumatatu yake alimtafuta mjomba wake mpaka akampata. Mjomba hakulia kwa furaha. Alimtukana, akakata simu. Kaka akapiga tena juma lililofuata, na lililofuata. Alianza kulipa kidogo kidogo, deni la mama kwanza, halafu ng'ombe mmoja mmoja. Mama alifariki kabla deni halijaisha, na kwa hilo kaka ana kidonda ambacho wokovu haujakiondoa. Lakini bado analipa. Zakayo alisema atarudisha mara nne. Nikimtazama kaka huyu naelewa kwa nini Bwana alisema siku ile wokovu umefika nyumbani humu.

Mmeuliza pia kuhusu mimi mwenyewe. Mnafahamu niliokoka kidato cha nne, na mnafahamu baba mdogo alivyomnyang'anya mama kibanja, yaani shamba la nyumbani, baada ya baba kufa. Nilimchukia mtu yule mpaka nilikuwa naota namzika. Chuki ile Bwana aliivunja, nami nilikwenda kumsalimia kwa mikono miwili. Je, haijarudi? Inapiga hodi. Hasa mwisho wa mwezi, ninapotuma hela ya dawa zake za kisukari huku mama akiwa amepanga chumba mjini. Kila mara naipeleka tena kwenye maombi. Hainitawali. Mtu akiwaambia kwamba aliyezaliwa mara ya pili hasikii tena maumivu ya zamani, mwulizeni anaishi na nani.

Namfikiria sana Nikodemo. Alikuja usiku, akaambiwa mtu asipozaliwa mara ya pili hawezi kuuona ufalme wa Mungu, na Yohana hasemi kama aliondoka ameokoka. Sura ya 7 anamtetea Yesu kwa woga mbele ya wakubwa wenzake. Sura ya 19, wanafunzi wametawanyika, yeye anakuja na manemane na uudi yapata ratili mia kumzika Bwana. Kwa hiyo mtu aliyepoa huku simwiti mwigizaji. Huenda bado yuko sura ya 7.

Nimeketi pia ibadani na ndugu Wairani waliobatizwa huku wakiwa wanaomba hifadhi. Maofisa, na baadaye majaji, huwahoji: imani yako ni ya kweli au ya kupatia karatasi? Ukirudishwa kwenu utaendelea kuwa Mkristo? Mwenzetu mmoja alikataliwa. Jumapili iliyofuata alikuja kufagia ukumbi kama kawaida.

Basi, wewe wa Septemba, nisikilize. Usiniambie kwamba umeokoka imara, naamini. Niambie utaabudu wapi na nani. Tafuta ushirika kabla hujatafuta duka la unga wa ugali. Ukifika kazini omba mapema, kwa adabu, Jumapili zako za mapumziko zipangwe, maana ratiba hutoka wiki kadhaa kabla, na ukichelewa watakupanga watakavyo. Siku za usiku usiombe maombi marefu, utalala. Soma zaburi moja kwa sauti. Jifunze Kijerumani cha kuomba na mtu anayekata roho, kwa sababu utaombwa, na mara nyingi na familia ambayo haijaingia kanisani miaka mingi. Baba Yetu kwa Kijerumani uje nayo kichwani. Na kama kuna mtu huko unadaiwa naye, hata elfu kumi, mlipe kabla ya kupanda ndege. Ushirika wetu hukutana Jumapili saa nane mchana. Tutakuja kukupokea stesheni.